Wasioweza Kufukuzwa Kazi

Mwaka 1956 jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, lilipitisha sheria ya kuwakataza watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Septima Clark alikuwa mwalimu mjini Charleston, na alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa takribani miaka 40. Alipotakiwa achague kati ya chaki na kadi ya chama, aliishika kadi. Akaachishwa kazi, na pensheni yake ikaenda na maji. Tarehe 7 Januari 1957, kazi ambayo wakubwa wa jimbo lile waliiogopa kuliko zote ilianza katika kisiwa cha Johns, jirani na Charleston: darasa la usiku la kuwafundisha watu wazima Weusi kusoma, ili wafaulu mtihani waliowekewa kabla ya kuandikishwa kupiga kura. Aliyesimama mbele ya darasa hilo alikuwa Bernice Robinson, binamu yake Clark. Hakuwahi kusomea ualimu. Alikuwa msusi.

Hawakumteua kwa kukosa mwingine. Clark pamoja na Myles Horton, mkuu wa shule ya Highlander iliyokuwa Monteagle, Tennessee, walimtaka mtu ambaye asingewatazama wakulima wasiojua kusoma kwa jicho la dharau, na ambaye hakuna mzungu angeweza kumkatia riziki. Robinson alijifunza kazi ya nywele New York, akarudi kwao Charleston mwaka 1947 na kuendelea nayo. Wateja wake walikuwa wanawake Weusi. Vifaa na dawa za nywele alivinunua kwa wasambazaji Weusi. Miaka mingi baadaye, alipoeleza kwa nini hakuwa na hofu, alitaja hayo hayo: hakuwa mwalimu wala mtumishi wa ofisi ya ustawi wa jamii, alikuwa na biashara yake, na bidhaa zake zilitoka kwa Weusi wenzake. Alisimulia hata jinsi alivyokuwa akimwacha mteja chini ya draya ili ampeleke mtu mwingine kwenye ofisi ya kuandikisha wapiga kura. Nani angemshtaki? Mwajiri wake alikuwa huyo huyo aliyekaa chini ya draya.

Darasa lenyewe lilikuwa nyuma ya duka. Mkazi wa kisiwa hicho, Esau Jenkins, ambaye alikuwa na basi lake la kuwapeleka watu kazini Charleston na akawa anawafundisha abiria vifungu vya katiba njiani, alikuwa ameanzisha na wenzake ushirika ulioitwa Progressive Club. Ushirika ulinunua jengo la shule ya zamani kwa mkopo wa dola 1,500 kutoka Highlander. Chumba cha mbele wakakifanya duka la vyakula la wanachama. Vya nyuma vikawa vya kusomea. Mzungu aliyepita barabarani aliona watu wakiingia dukani, na kweli walikuwa wakiingia dukani. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14. Robinson aliwaambia kwamba yeye si mwalimu na kwamba watajifunza pamoja, kisha akawauliza wanataka kujua nini. Wakasema wanataka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu ya kutuma pesa kwa posta na ya kuagiza bidhaa. Vitabu vya watoto alivyokuja navyo akaviweka kando, akaanza na hayo waliyoyasema. Kutoka chumba kile, madarasa ya namna hiyo yalienea visiwa vya jirani, kisha Kusini nzima, hasa baada ya mwaka 1961 yalipochukuliwa na SCLC, jumuiya iliyoongozwa na Martin Luther King.

Ili kuona thamani ya kiti cha msusi, mtazame aliyekosa kitu cha namna hiyo. Agosti 1962 Fannie Lou Hamer, mkulima wa kugawana mavuno katika wilaya ya Sunflower, Mississippi, alikwenda mji wa Indianola kujaribu kujiandikisha kupiga kura. Alikuwa ameishi na kufanya kazi katika shamba la mzungu kwa miaka 18. Jioni ile ile mwenye shamba akamwambia afute jina au aondoke. Hamer akaondoka usiku huo, akiiacha familia nyuma. Ujasiri wake haukuwa pungufu ya wa Robinson. Kama kuna tofauti, pengine ulizidi. Lakini nyumba aliyolala, ardhi aliyolima na daftari la madeni lililoandika anachodaiwa, vyote vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo hakutaka apige kura.

Ninayaweka haya mwanzoni kwa sababu mazungumzo ya siku hizi kuhusu kuziunga mkono biashara ndogo za Weusi huendeshwa kana kwamba ni hisani: mteja mwenye moyo mzuri anamwonea huruma mwenye duka anayehangaika, ananunua mshumaa au fulana, anapiga picha, yamekwisha. Naona hilo linawapunja wenye maduka na linaipunja historia. Katika miji ya Kusini, kati ya mwisho wa vita vya kukomesha utumwa na miaka ya 1960, msusi, mwenye teksi, mwenye nyumba ya maziko, mwenye duka la dawa na mama mpishi walikuwa karibu watu pekee, ukiondoa wachungaji, ambao wangeweza kusema hapana na kesho yake wakala. Kila aliyekaa kwenye kiti chao au kununua sahani yao alikuwa anailipia hapana hiyo, ajue asijue.

Saluni ilibeba mzigo huu kuliko biashara nyingine kwa sababu karibu mnyororo wake wote ulikuwa mikononi mwa Weusi. Annie Turnbo Malone wa St. Louis na Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na wazazi waliotoka utumwani, walitengeneza mafuta na dawa za nywele, wakajenga viwanda na kuwafunza maelfu ya mawakala wanawake waliouza nyumba kwa nyumba au kufungua saluni zao. Bila kazi hiyo, wanawake hao wangeishia kufua na kupika katika nyumba za wazungu. Mtengenezaji, muuzaji, msusi na anayesukwa wote walikuwa Weusi. Wazungu hawakuwa na shida na huduma hiyo, hawakutaka kuishindania, wala hawakuingia mle ndani. Mwanamke aliyeshinda kutwa akiitikia kwa heshima jikoni mwa watu, Jumamosi alikaa saa mbili tatu mahali ambapo angeweza kusema lolote. Horton aliliona hilo mapema, akaandaa Highlander mafunzo maalumu ya wasusi. Waliomcheka kwamba sasa anafundisha urembo hawakujua kilichokuwa kikiendelea.

Montgomery, Alabama, inaonyesha mambo hayo kwa upana zaidi. Watu wengi wanaijua habari ya Rosa Parks na mgomo wa mabasi ulioanza tarehe 5 Desemba 1955 na kudumu siku 381. Wachache wamejiuliza watu wapatao 40,000 walifikaje kazini kwa mwaka mzima na ushei. Siku za mwanzo walibebwa na teksi. Kampuni 18 za teksi za Weusi zilikubali kutoza senti 10, nauli ile ile ya basi. Manispaa ikafufua kanuni iliyotaka teksi itoze angalau senti 45, na polisi wakaanza kuwakamata madereva. Ndipo viongozi wa mgomo wakaunda utaratibu wa magari ya watu binafsi na ya makanisa, na mwenye duka la dawa mjini kati, Richard Harris, akawa anaelekeza magari huku akihudumia wagonjwa. Kampuni za bima zilipofuta bima za magari hayo, wakala Mweusi wa Atlanta, T. M. Alexander, alitafuta njia hadi soko la bima la Lloyd's la London likakubali kuyabeba.

Petroli nayo ilitaka fedha, na sehemu ya fedha hizo ilitoka jikoni. Georgia Gilmore alikuwa mpishi katika mgahawa mmoja mjini hapo, mama wa watoto kadhaa. Alikusanya wanawake wenzake, wengi wao wapishi na watumishi wa ndani, wakawa wanapika keki, pai, kuku na samaki wa kukaanga, wanauza kwenye saluni, kwa madobi, kwenye vituo vya teksi na makanisani. Kikundi wakakiita Club from Nowhere, yaani klabu isiyotoka popote, ili yeyote akiulizwa fedha zimetoka wapi ajibu bila kusema uongo. Kila Jumatatu usiku, kwenye mkutano wa hadhara, Gilmore alipeleka walichopata na kanisa zima likashangilia. Machi 1956 alitoa ushahidi mahakamani katika kesi ya King, aliyeshtakiwa kwa kuongoza mgomo huo, na baada ya hapo akapoteza kazi. King akamshauri apike nyumbani kwake na auze mwenyewe, akamsaidia fedha za kuanzia. Sebule ya Gilmore ikawa mgahawa usio na kibao, na King aliwaleta wageni wake kula pale kwa sababu palikuwa mahali pa kuzungumza bila masikio ya ziada. Gilmore aliendelea kupika mpaka alipofariki mwaka 1990.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atamtambua mara moja. Ni mama ntilie. Kinachonigusa katika habari zake ni kwamba waliomnunulia sahani baada ya kufukuzwa kazi hawakuwa wakimfariji. Walikuwa wakihakikisha kwamba adhabu aliyopewa haifanyi kazi.

Waliokuwa upande wa pili walilielewa jambo hili vizuri sana. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kupiga marufuku ubaguzi katika shule mwaka 1954, wazungu wenye nafasi huko Mississippi waliunda mabaraza yaliyoitwa Citizens' Councils. Silaha yao ya kwanza ilikuwa daftari la mikopo. Mweusi aliyetia saini ombi la kuunganisha shule alikuta benki inadai mkopo wote kwa mpigo, muuza jumla anakataa kumkopesha bidhaa, wateja wazungu wanamkimbia. Daktari na mfanyabiashara T. R. M. Howard wa Mound Bayou alipendekeza vyama, makanisa na biashara za Weusi nchi nzima zihamishie akiba zao Tri-State Bank ya Memphis, benki ya Weusi, ili iweze kuwakopesha waliobanwa. Fedha zikaja, na baadhi ya wenye mashamba na maduka wakaokoka. Howard huyo huyo, miaka michache kabla, kupitia baraza lake la viongozi Weusi, alikuwa amesambaza vibandiko vya magari vilivyowataka watu wasinunue petroli kwenye kituo wasichoruhusiwa kutumia choo chake. Vituo vingi vikaanza kuweka vyoo kwa ajili yao.

Yaani wateja nao walijipanga. Sehemu hii ya historia haisimuliwi vya kutosha, na naiona ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi kwetu.

Juni 1930, mdororo mkubwa wa uchumi ukiwa umeanza kuwauma watu, mke wa mchungaji mmoja mjini Detroit, Fannie B. Peck, aliwaita akina mama wapatao 50 katika kanisa la Bethel AME. Alikuwa amemsikia Albon Holsey, wa umoja wa wafanyabiashara Weusi ulioanzishwa na Booker T. Washington mwaka 1900, akieleza jinsi akina mama wa Harlem, New York, walivyoyainua maduka ya mtaani kwao. Peck alipiga hesabu rahisi: ni nani anayeshika fedha ya matumizi ya nyumbani? Mama. Basi mama ndiye anayeamua fedha ya Mweusi ilale wapi. Wakaunda Housewives' League. Kila mwanachama aliahidi kununua kwa wenye maduka Weusi, kutumia bidhaa zilizotengenezwa na Weusi, na kwenda kwa wataalamu Weusi. Miaka minne baadaye walikuwa takribani 10,000, na miji mingine ikaiga.

Akina mama hao hawakuwa laini. Kamati zao zilitembelea maduka, zikaangalia usafi, bei, uzito wa mizani na namna muuzaji anavyozungumza na mteja. Duka chafu liliambiwa lijisafishe. Aliyeuza mboga zilizonyauka aliambiwa wazi. Waliwafundisha wenye maduka namna ya kupanga bidhaa na kutangaza, na wakawafundisha wanachama namna ya kupanga bajeti. Uaminifu wao kwa duka ulikuwa na masharti, na kwa sababu hiyo ulikuwa na uzito. Ninapoona leo mtu ananunua mara moja kitu asichokihitaji kwa bei asiyoipenda, ananyamaza, kisha harudi tena, nawakumbuka akina mama wa Detroit. Mwenye duka anamhitaji mteja anayelalamika leo na kurudi kesho kuona kama kasoro imerekebishwa.

Lakini wateja waaminifu hawakutosha. Holsey alijaribu pia kutibu ugonjwa mwingine. Mwaka 1928, huko huko Montgomery, ulianzishwa ushirika wa wenye maduka ya vyakula Weusi, Colored Merchants Association, ili wanunue jumla kwa pamoja. Mwenye duka dogo anayenunua katoni mbili hawezi kushindana bei na kampuni yenye matawi mia inayonunua behewa zima. Ushirika huo ulifika Harlem na miji mingine, lakini katikati ya miaka ya 1930 ulikuwa umekufa. Mdororo wa uchumi uliwamaliza wateja wake, nao wanachama hawakuwa na mtaji wa kuvumilia. Somo lake liko wazi: upendo wa mteja haushushi bei ya jumla, na bila mkopo wa maana duka hubaki dogo hata likijaa watu.

Mikopo ndiyo donda la kudumu. Mwaka 1865 serikali ya Marekani iliidhinisha benki ya akiba kwa waliotoka utumwani, Freedman's Savings Bank. Ilipofilisika mwaka 1874 kwa uzembe na ubadhirifu wa wasimamizi wake, wawekaji akiba 61,000 hivi walikuta karibu dola milioni 3 zao zimenaswa, na wengi hawakuzipata tena. Waliokuwa na ardhi ya kuweka dhamana walikuwa wachache, na mabenki ya wazungu yakawafungia mlango. Maggie Lena Walker wa Richmond, Virginia, binti wa mfuaji nguo, alifungua benki yake mwaka 1903 akipokea senti za madobi na wapishi na kuzigeuza mikopo ya nyumba. Kila mtaa wa biashara wa Weusi uliostawi ulikuwa na mtu wa namna hiyo nyuma yake.

Mitaa hiyo ikaangushwa. Greenwood, Tulsa, ilichomwa moto na magenge ya wazungu usiku wa Mei 31 na mchana wa Juni 1, 1921, na kampuni za bima zikakataa kulipa. Mingine iliangushwa kwa makaratasi. Miaka ya 1950 na 1960 barabara kuu za serikali zilipasuliwa katikati ya Overtown ya Miami, Rondo ya St. Paul, Hayti ya Durham, Sweet Auburn ya Atlanta. New Orleans, mtaa wa Claiborne ulikuwa na safu nne za miti ya mialoni na maduka ya Weusi pande zote mbili. Miti ikakatwa mwaka 1966, na juu yake ikajengwa barabara ya zege. Nao ushindi wenyewe wa haki za kiraia ulikuwa na gharama yake. Baada ya sheria ya mwaka 1964 iliyokataza ubaguzi, Mweusi aliweza kula na kulala popote, na wengi wakaenda huko popote. Sioni sababu ya kuwalaumu. Waliipigania haki hiyo maisha yao yote, na hakuna aliyepaswa kulala hoteli duni ili kuthibitisha upendo wake kwa jamii. Ila wenye hoteli na migahawa ya Weusi walipoteza wateja wao, huku milango ya wateja wazungu na ya mabenki ikifunguka nusu tu.

Baadhi walibaki. Mgahawa wa Dooky Chase, New Orleans, ulianza mwaka 1941 kama duka la mikate ya kujazwa nyama na samaki. Mabenki hayakuwajali wakazi wa mtaa ule, kwa hiyo Ijumaa mfanyakazi alikwenda pale na hundi yake ya mshahara, akapewa fedha taslimu, akala, akanywa, akaenda kwake. Leah Chase, mke wa mtoto wa waanzilishi, aliugeuza kuwa mgahawa wa vitambaa vya meza na kazi za wasanii Weusi ukutani. Katika chumba cha juu, Weusi na wazungu waliokuwa wakipanga maandamano walikaa meza moja kinyume cha sheria ya ubaguzi, wakila mchuzi wa gamboo, na polisi hawakuthubutu kuingia. Kimbunga Katrina kilipozamisha mgahawa mwaka 2005, Chase alikuwa na umri wa miaka 82. Akaishi kwenye trela iliyoegeshwa karibu. Majirani, wapishi wenzake na wateja wa zamani wakachanga, na mwaka 2007 jiko likawaka tena. Aliendelea kupika karibu hadi kifo chake mwaka 2019, akiwa na miaka 96. Mgahawa wake ulikuwa umewakopesha wateja wake imani kwa miaka zaidi ya 60. Walipoombwa kulipa, wakalipa.

Saluni nazo zimeendelea kupigana, mara nyingi na serikali za majimbo. Kusuka nywele bila kemikali wala moto ni kazi ambayo Waafrika wameifanya tangu zamani, lakini majimbo mengi yaliiweka chini ya leseni ya urembo inayodai mamia ya saa za chuo, chuo ambacho hakifundishi kusuka. Melony Armstrong wa Tupelo, Mississippi, alipotaka kuwafundisha wanawake wengine kazi hiyo, aliambiwa kwamba angehitaji maelfu ya saa za masomo yasiyohusiana nayo. Alikwenda mahakamani mwaka 2004, na mwaka 2005 bunge la jimbo likabadili sheria: msusi ajiandikishe, alipe dola 25, afuate kanuni za usafi, afanye kazi. Dallas, Texas, Isis Brantley alikamatwa na polisi mwaka 1997 kwa kusuka bila leseni. Baadaye, alipotaka kufundisha, jimbo lilimtaka awe na chuo chenye viti 10 vya kinyozi na masinki ya kuoshea nywele, ingawa kusuka hakuhitaji sinki. Mwaka 2015 jaji wa shirikisho alilitupilia mbali sharti hilo. Wasusi wengi walionufaika na mabadiliko ya namna hii ni wahamiaji wa Kiafrika, na mahali pengi waliofungua njia kabla yao walikuwa dada zao wa Marekani. Deni hilo linastahili kutambuliwa.

Kisha ukaja mwaka 2020 na janga la korona. Kati ya Februari na Aprili, kwa mujibu wa hesabu za mwanauchumi Robert Fairlie, idadi ya Weusi waliokuwa wakiendesha biashara Marekani ilishuka kwa asilimia 41. Kwa wazungu ilishuka kwa asilimia 17. Serikali ilitoa mikopo ya dharura kupitia mabenki. Biashara zenye wafanyakazi ziliruhusiwa kuomba kuanzia Aprili 3, wanaojiajiri wenyewe kuanzia Aprili 10, na Aprili 16 fungu la kwanza la dola bilioni 349 likawa limekwisha. Zaidi ya tisa kati ya kila biashara kumi za Weusi hazina mfanyakazi wa kuajiriwa. Msusi anayefanya kazi peke yake, asiye na afisa wa benki anayemjua kwa jina, alifika dirishani likifungwa.

Baada ya George Floyd, Mmarekani Mweusi, kuuawa na polisi mwezi Mei, nchi nzima ilianza kutafuta maduka ya Weusi. Orodha zikasambaa, maagizo yakafurika, baadhi ya wenye maduka wakauza kwa wiki moja walichokuwa wakiuza kwa miezi. Mbunifu wa mavazi Aurora James akayataka maduka makubwa yatenge asilimia 15 ya rafu zao kwa bidhaa za Weusi, na mengine yakakubali. Nililishangilia wimbi hilo na bado nalithamini. Lakini mwenye kiwanda kidogo cha sabuni anayepata oda kubwa ghafla analazimika kukopa anunue malighafi, kuajiri na kukodi ghala; wimbi likirudi baharini, deni linabaki ufukweni. Milango nayo ikaanza kufungwa tena. Mfuko wa Fearless Fund wa Atlanta ulikuwa ukitoa ruzuku ya dola 20,000 kwa wanawake Weusi wenye biashara ndogo. Mwaka 2023 ulishtakiwa kwa sheria ya mwaka 1866, sheria iliyotungwa kuwapa waliotoka utumwani haki ya kuingia mikataba, na mwaka 2024, baada ya mahakama ya rufaa kuusimamisha mpango huo, mfuko ulikubali kuufunga.

Ruzuku ikizuiwa mahakamani, ununuzi wa kawaida haujazuiwa. Hakuna jaji anayeweza kukukataza kuchagua msusi, fundi bomba, mpishi au benki. Mwanaharakati Mweusi Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa huko Los Angeles mwaka 1966, siku ya nne, tarehe 29 Desemba, aliitenga kwa Ujamaa, na maana aliyoipa ni watu kujenga na kuendesha maduka yao na kufaidika pamoja. Siku moja kwa mwaka ni ukumbusho mzuri. Akina mama wa Detroit walifanya hivyo kila walipokwenda sokoni.

Kwako wewe unayesoma Kiswahili ukiwa Columbus, Houston au Minneapolis, una nafasi ambayo Mzungu mwenye nia njema hana: huhitaji orodha, maana watu hawa ni majirani zako. Chagua biashara mbili tatu za Weusi, wenyeji na wahamiaji, na uziingize katika matumizi yako ya kila mwezi. Usiombe punguzo la udugu. Huduma ikiwa mbovu, mwambie mwenyewe kabla ya kuandika mtandaoni. Ikiwa nzuri, andika mtandaoni siku hiyo hiyo, kwa jina la mtaa na kazi aliyokufanyia. Weka sehemu ya akiba yako katika benki au chama cha akiba kinachowakopesha. Na kama wewe ndiye mweka hazina wa kanisa, msikiti au chama cha wahamiaji, zabuni ya chakula cha sherehe ijayo mpe mama anayepikia nyumbani na ana kibali chake, mpe nusu ya malipo mapema anunue vitu, na umlipe iliyobaki jioni ile ile sherehe inapokwisha.